Kibaba cha Mita: Mhadhara juu ya Kupima Ukuzaji wa Transista, kwa Mafundi wa Kibera na Kawangware

Wazee wangu, na ninyi vijana mliofunga vibanda vyenu kabla ya magharibi, mkaridhia kuikosa riziki ya saa mbili ili mje kusikiliza maneno ya fundi mzee:

Nawashukuru kwa heshima hii, ambayo sikuipata kwa elimu, maana mimi si mhandisi, bali nimeipata kwa kudumu miaka mingi mbele ya moshi wa lehemu, na kwa kukosea mara nyingi kuliko wengi wenu mlivyopata nafasi ya kukosea. Sikuja kusema juu ya mambo makubwa. Nimekuja kusema juu ya matundu manane tu, yale yaliyotobolewa katika duara dogo usoni mwa mita ya manjano ambayo kila fundi kati yetu anayo, na kando yake pameandikwa hFE. Matundu ambayo baadhi yetu hawajayatumia hata siku moja, na baadhi huyatumia kila siku na kuyaamini kama anavyoaminiwa kadhi, na makundi haya mawili, kwa maoni yangu, yamepata hasara sawasawa.

Hasara yenyewe si yetu peke yetu. Atokaye Olympic akashuka hadi Laini Saba kule Kibera, na ashukaye katika matatu ya nambari 46 akashika njia ya Gatina kule Kawangware, hawaendi mbali kabla hawajaona kibanda cha mmoja wetu: wufa imelazwa chali, matumbo yake nje; televisheni ya kizamani yenye kisogo kirefu, ambayo mwenyewe aliitafutia king'amuzi mwaka 2015 matangazo ya analojia yalipozimwa, ingali inangoja zamu; na fundi ameinama, ncha mbili za mita mkononi, nyekundu na nyeusi. Spea aghalabu hutoka Luthuli Avenue, katikati ya mji wa Nairobi, barabara iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini. Kwa hiyo kila mara fundi anaposema, "Hii transista imekufa," neno lake hugeuka kuwa nauli ya kwenda na kurudi, na bei ya spea, na siku nzima ya mtu ambaye pengine hulipwa kwa siku. Neno kama hilo halifai kusemwa kwa kubahatisha.

Transista yenyewe si mzee. Redio ilianza kusikika Nairobi mwaka 1928, na kwa muda mrefu ilifanya kazi kwa valvu za kioo, zenye joto na ulafi wa umeme. Mwezi wa Disemba mwaka 1947 John Bardeen na Walter Brattain, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, walikiwezesha kipande cha jermaniamu kukuza mawimbi madogo ya umeme. Mwenzao William Shockley akabuni muundo wa matabaka matatu, ambao ndio baba wa hizi tunazozing'oa na kuzirudisha kila siku. Na wote watatu wakatunukiwa Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Baadaye jermaniamu iliiachia nafasi silikoni, na redio ikaweza kubebwa kwapani, ikaimba kwa betri katika nyumba isiyo na waya wa umeme. Haya yatosha kwa upande wa tarehe.

Transista ninayoikusudia ina miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Mkondo mkubwa hutaka kupita baina ya kolekta na emita, na besi ni bawabu wa mlango huo, hampitishi mtu mpaka apewe kitu. Apewapo kidogo, hupitisha kingi. Na nisba ya kile alichopitisha kwa kile alichopewa ndiyo ukuzaji, ambao sisi mafundi huuita geini na watengenezaji huuandika hFE. Ukimpa bawabu mikroampea 10, yaani sehemu 10 katika milioni ya ampea moja, naye akapitisha miliampea 2, gawanya utaona amepitisha 200 kwa kila 1. Hiyo 200 ndiyo inayotokea kiooni mwa mita. Si volti wala si ampea, ni nisba tupu, na kwa sababu ni nisba tupu ni rahisi mno kuisahau asili yake.

Asili yake ni hii. Mita hizi za bei nafuu, za jamii ya DT830, humpa bawabu mikroampea 10 tu, huku baina ya kolekta na emita pakiwa na volti takriban 3, kisha huhesabu kilichopita. Wazee wa pwani walipokuwa wakiuza nafaka kwa kibaba na pishi, mnunuzi mwenye akili alichota kibaba kimoja katika gunia, akautazama mchele, akaunusa, akauma punje moja, akajua mengi kwa gharama ndogo. Lakini hakudai kwamba kwa kibaba hicho amekwisha jua kama jahazi litahimili shehena nzima. Mikroampea 10 ni kibaba cha mita. Mhadhara wangu wote umo katika maneno hayo, na yatakayofuata ni sharhe yake.

Tuanze na adabu ya kupima. Kwanza, chomoa plagi, na uhakikishe kapasita kubwa ya upande wa pawa haina chaji, maana umeme wa volti 240 ukisha kunyooshwa na dayodi hupanda hadi volti 340 hivi ndani ya kapasita hiyo, nayo huweza kuuhifadhi wakati mwenye kifaa amekwisha kuaminishwa kwamba hatari imeondoka. Pili, ing'oe transista katika bodi. Wapo wanaounga nyaya kutoka kwenye matundu hadi kwenye bodi ili wasipate taabu ya kulehemu tena. Hao hupata namba, lakini ni namba ya transista na rezista na koili zote zilizo jirani yake, na jamaa wengi wakijibu kwa pamoja hujui nani amesema nini.

Tatu, kabla ya kuyaendea matundu, geuza swichi hadi kwenye alama ya dayodi. Weka ncha nyekundu kwenye mguu mmoja, kisha gusa miguu miwili iliyobaki kwa ncha nyeusi, mmoja baada ya mwingine. Ukiona kwa yote miwili namba iliyo kati ya 600 na 700 hivi, ambazo ni milivolti, mguu uliokaliwa na nyekundu ni besi, na transista ni NPN. Iwapo ni nyeusi iliyotulia na nyekundu iliyozunguka, hiyo ni PNP. Linganisha tena namba mbili ulizozipata: aghalabu ile inayozidi, hata ikizidi kwa milivolti chache tu, ndiyo ya emita. Ukipata sifuri, shuku kwamba imeshoti. Ukipata 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo, kwa kila mpangilio wa ncha, njia imekatika. Wazee wenzangu waliobaki na mita za mshale wakumbuke kwamba mita hizo, zinapopima omu, hutoa chanya kwenye ncha nyeusi, kinyume cha hizi za namba. Wengi wamewahi kukiita PNP kilichokuwa NPN kwa kulisahau jambo hili moja.

Sasa matundu. Upande wa NPN yako manne, E, B, C, E, na upande wa PNP manne vivyo hivyo. Mtu huuliza, transista yenye emita moja itakuwaje na matundu mawili ya E? Jibu ni kwamba miguu haikupangwa sawa katika kila aina. BC547, ukiielekeza bapa lake kwako, hupangika kolekta, besi, emita. Ukiigeuza huwa E, B, C, nayo huingia matundu matatu ya mwanzo. C945 hupangika emita, kolekta, besi. Ukiigeuza huwa B, C, E, nayo huingia matatu ya mwisho. Na ukikosea ukabadilisha emita kwa kolekta, mita haitanyamaza; itakuonyesha namba ndogo, kwa sababu miguu hiyo miwili haikuumbwa sawa na mlango huo hupitika kwa shida kinyumenyume. Basi asiyejua miguu aijaribu kwa njia zote mbili, na iliyotoa namba kubwa ndiyo iliyo sahihi.

Hapa ndipo wengi huishia, wakaisoma namba, wakaitamka, wakahukumu. Mimi nawasihi tuanzie hapa.

Chukueni BC547 yenye herufi B mwishoni. Kitabu cha watengenezaji kinasema ukuzaji wake ni kati ya 200 na 450, na hupimwa mkondo wa kolekta ukiwa miliampea 2. Mita yetu, ikimpa bawabu mikroampea 10 naye akakuza mara 200, hupitisha miliampea 2 hizo hizo. Kibaba cha mita na kibaba cha kitabu vimelingana. Kwa transista ndogo za namna hii, basi, namba ya mita ina haki ya kusikilizwa: yenye herufi A hutarajiwa kati ya 110 na 220, yenye C kati ya 420 na 800, na iliyoandikwa C ikasoma 150 yafaa kutiliwa shaka. Lakini tazameni pia upana wa mipaka hiyo. Transista mbili za B, moja 230 na nyingine 410, zote ni nzima na zote ni halali. Anayeing'oa ya 230 kwa kudhani imechoka hajatengeneza kitu.

Sasa chukueni 2N3055, ile yenye kofia ya chuma, ambayo kofia yenyewe ndiyo kolekta, nanyi mnaijua katika ampu za zamani na vyombo vya pawa. Kitabu kinaiahidi ukuzaji wa 20 hadi 70, lakini ni kwa mkondo wa ampea 4. Mkiiunga kwa nyaya kwenye matundu ikasoma 50, mkondo uliopita kolekta ni nusu ya miliampea, yaani sehemu moja katika 8000 ya ule wa kitabu. Na bawabu huyu ana tabia ya kuelemewa: msongamano ukizidi, hupitisha wachache kwa kila anachopewa, hata kitabu chenyewe kwa ampea 10 hakiahidi zaidi ya 5. Basi 50 ile ya mita imekwambia jambo moja tu, kwamba transista i hai. Haikukwambia kama itaweza kazi. Kwa sababu hiyo hiyo mita haiwezi kumfichua bandia, yule aliyeandikwa jina kubwa juu ya kipande kidogo cha silikoni, kwa kuwa kipande kidogo nacho hushiba kibaba kimoja kwa raha. Ataumbuka siku ya shehena.

Nitawapa kisa, nacho ni cha aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa na kibanda Gatina, mama mmoja wa makamo aliniletea televisheni ya inchi 14: taa nyekundu inawaka, kioo giza. Nikang'oa ile transista kubwa iliyo karibu na flaibeki, yaani transfoma ya volti kubwa, nikaipima kwenye matundu: 0. Nikaipima kwa dayodi baina ya besi na emita: namba ndogo mno, kama iliyoshoti. Nikasema, "Mama, imekufa." Akapanda matatu hadi Luthuli, akarudi alasiri na mpya. Nami kwa majivuno nikaipima mbele ya macho yake: 0. Nikamwambia muuzaji amemdhulumu. Akarudi mjini mara ya pili. Muuzaji hakugombana naye. Alichomoa nyingine tatu katika boksi lake akazipima huku mama akitazama: 0, 0, 0. Adhana ya magharibi ilinikuta nikimsubiri. Alipofika aliketi kwanza, akapumua, ndipo akasema, "Fundi, muuzaji anakusalimu. Anasema ikiwa zote hizi zimekufa, basi huko kiwandani kuna matanga."

Watu wa kibandani walicheka, nami nikalazimika kucheka nao. Usiku ule nilisoma nilichopaswa kusoma kabla. Katika aina nyingi za transista za kuiendesha flaibeki, mtengenezaji huzika rezista ndani, baina ya besi na emita, yenye makumi machache ya omu. Mikroampea 10 zikipita katika omu 40 hutoa sehemu 4 za kumi za milivolti moja, hali bawabu hafungui mlango pasipo milivolti 600 hivi. Kibaba chote kilimwagika njiani, haikumfikia hata punje, naye kwa haki kabisa hakupitisha mtu. Mita ilisema 0, na 0 ilikuwa kweli. Uongo niliutia mimi nilipoifasiri kuwa ni mauti. Ubovu wenyewe ulikuwa lehemu iliyopasuka kwenye mguu wa transfoma ndogo ya draiva, kazi ya dakika mbili. Nilimrudishia mama nauli zote na bei ya spea, naye akanishukuru, na shukrani zake ziliniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma.

Hali ni hiyo hiyo kwa TIP122, ambayo ndani yake mna transista mbili zilizofuatana. Kitabu kinaiahidi ukuzaji usiopungua 1000 kwa ampea 3, nayo juu ya meza huweza kusoma 0, kwa kuwa mna rezista mbili ndani, ya omu 8000 hivi na ya omu 120, na mikroampea 10 katika hizo hazifikishi hata sehemu moja ya kumi ya volti, ilhali milango miwili hutaka volti 1 na zaidi. Transista za namna hii zipimeni kwa kazi: betri ya volti 12, taa ya gari ya wati 5 baina ya chanya na kolekta, emita kwenye hasi, na besi iguswe kwa chanya kupitia rezista ya omu 150 ya wati 2. Ukigusa, taa iwake, ukiachia, izime. Hilo ni swali kubwa kuliko kibaba, na jibu lake ni kubwa vile vile. Ama MOSFET za inveta, kama IRF3205, hizo hazina besi wala hazina nisba hii; asiyezitia katika matundu hajakosa kitu.

Yamebaki mambo matatu madogo. La kwanza ni joto. Chomekeni BC547, mngoje namba itulie, kisha mwibane kwa vidole viwili: namba itaanza kupanda taratibu, moja moja, na mkiachia itashuka. Ukuzaji huongezeka kwa joto. Basi transista iliyosoma 280 asubuhi huzidi hapo saa nane mchana chini ya mabati ya Kibera, wala hapana kilichobadilika ndani yake. La pili ni betri ya mita yenyewe. Betri ya volti 9 ikidhoofika, vipimo huanza kupotoka, na mwenye mizani mbovu hulaumu mchele. La tatu ni jermaniamu, kwa wale mnaoletewa redio za babu zenye OC71 na AC128. Hizo huvuja: mkondo hupita hata bawabu asipopewa kitu, na mita huuhesabu mvujo huo kama ukuzaji. Mvujo wa mikroampea 200 huongeza 20 za bure. Dawa yake ni kuchomeka kolekta na emita tu, besi ikaachwa nje. Inayosomeka hapo ni mvujo, itoeni katika namba mtakayoipata besi ikichomekwa. Silikoni nzima katika jaribio hilo husoma 0.

Mtaniuliza, je, baada ya kuishusha namba hii cheo, ina faida gani? Ina faida ya kulinganisha. Fundi atakaye kuziweka 2SC5200 mbili upande mmoja wa ampu, zishirikiane mzigo, azipime kwa mita moja, saa moja, zikiwa na joto moja, achague zilizokaribiana; mkondo wa kupimia ni mdogo, lakini umekuwa mdogo kwa zote, na rezista za emita zitamaliza tofauti iliyobaki. Ina faida ya kutambua miguu, na ya kutenganisha mzima na mfu katika zile ndogo. Zaidi ya hapo, jueni kwamba mchoraji hodari wa sakiti haitegemei namba hii: katika ampu huidhibiti kwa rezista za emita na kwa kurudisha sehemu ya sauti nyuma, na katika swichi humpa bawabu sehemu moja ya kumi ya mzigo, ili hata mvivu apitishe. Aliyechora kifaa alikwisha kujua kwamba transista za aina moja hutofautiana maradufu, akajenga kwa kulijua hilo.

Ndugu zangu, kati yenu wamo watakaoketi kwa mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na wamo watakaojifunza maisha yao yote katika kibanda cha mtu mwingine, kama nilivyojifunza mimi. Kwa wote ombi langu ni moja. Wekeni daftari mezani, na kila mnapoandika ukuzaji wa transista, andikeni kando yake mkondo uliotumika na mita iliyopima, kwa maana namba isiyo na sharti lake si habari. Na mita inapowaonyesha 0, kabla hamjamtuma mtu Luthuli kwa nauli yake, jiulizeni kwanza kibaba kilimfikia bawabu au kilimwagika njiani.